Kuacha fegi kwa mtu anayenunua moja moja: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mara naulizwa kitu kile kile: mtu kaacha fegi Jumatatu, Alhamisi jioni kawasha, na anajiona hana msimamo. Mi naona mara nyingi msimamo anao, ila mpango aliotumia haukuwa wake. Ushauri mwingi unaosambaa unamhusu mtu anayenunua pakiti, tupa pakiti, tupa kiberiti, osha kile kisahani cha majivu, basi. Sasa huku kwetu watu kibao hawana pakiti, wananunua moja moja kwa Mangi, yani yule muuza duka la mtaani, wanawashia kiberiti cha pale pale dukani na wanaivuta wamesimama. Huyo ukimwambia tupa pakiti atatupa nini? Fegi zake ziko njiani, kuanzia kituo cha daladala mpaka kijiweni, kwa hiyo mpango wake lazima uwe wa njia anazopita na masaa anayopita.

Kama una mimba, una shida ya moyo, kifafa, au kuna dawa unameza kila siku, soma yote lakini kabla ya hatua ya 3 ongea kwanza na daktari.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Kitu cha kushughulisha mdomo na mkono: karafuu, tangawizi mbichi iliyokatwa vipande, karanga, karoti, au mswaki wa mti. Huu mswaki naupenda zaidi maana unashikika vidoleni kama fegi.
- Chupa ya maji unayotembea nayo.
- Mtu mmoja tu atakayepokea simu yako hata saa 5 usiku. Asiwe mvutaji mwenzako.
- Bigijii au plasta za nikotini kama mfuko unaruhusu. Sio kila famasi inazo, anza kuulizia mapema kwenye famasi kubwa za mjini.
- Sehemu ya kuweka hela ya fegi, kopo au akaunti ya simu ambayo huigusi.

Ugoro, tumbaku ya kutafuna aina ya Kuber na vepu zisiwepo kwenye maandalizi yako. Watu wanahamia huko wakidhani wameacha, kumbe nikotini ni ile ile na uteja unabaki pale pale. Shisha ndo usiiguse kabisa, mtu anakaa nayo saa zima anavuta moshi mwingi kuliko wa fegi moja, na Tanzania ilishapigwa marufuku 2016, Kenya 2017.

## Hatua ya 1: Andika kila fegi kwa siku 7

Kabla hujaacha chochote, vuta kama kawaida yako, ila kila ukiwasha andika vitu vinne: saa, mahali, ulikuwa na nani, na hamu ilikuwa kiasi gani kuanzia 1 mpaka 3. Yani hivi:

Saa 12 na robo asubuhi, kibarazani, peke yangu, 3.
Saa 4, kwa mama ntilie baada ya chai, na jamaa wa kazini, 1.
Saa 7 na nusu, nimemaliza ugali, 2.
Saa 12 jioni, kituoni nasubiri gari, 2.

Hii hatua ndo inarukwa kuliko zote na ndo inayoangusha watu, maana usipojua fegi zako zinakaa wapi utaenda kukutana nazo bila kujiandaa. Ukiangalia daftari siku ya saba utakuta fegi 10 au 12 za siku zinatoka sehemu nne au tano tu, na nyingi zina namba 1, yani hata hukuwa na hamu, uliwasha kwa sababu mwenzio kawasha.

Onyo: wiki hii usijibane kupunguza. Ukipunguza sasa daftari litakuonyesha mtu ambaye sio wewe.

Umefanikiwa kama siku ya nane unaweza kutaja bila kufungua daftari: sehemu zangu ni tano, hizi hapa, na ngumu kuliko zote ni hii.

## Hatua ya 2: Angalia fegi ya kwanza ya siku

Swali ni moja: ukishaamka, inapita muda gani mpaka unawasha? Kama ni ndani ya dakika 30, mwili wako umeshazoea nikotini sana na kwenda kavu kavu bila dawa kutakutesa. Ikiwa yako ya kwanza ni baada ya chai ya saa 4, shida yako kubwa ni mazoea ya sehemu na watu.

Sababu yake ni hii. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Alafu inapungua nusu kila baada ya masaa 2 hivi, kwa hiyo usiku mzima umelala inashuka inashuka, asubuhi unaamka ukiwa kwenye arosto, yani mwili unadai nikotini yake. Ile fegi unayosema "inanituliza" kwa sehemu kubwa inaondoa arosto iliyoletwa na fegi iliyopita. Ukilielewa hili utaacha kujiambia kwamba bila fegi huwezi kuwa na akili iliyotulia, utatulia, ila ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea upya.

## Hatua ya 3: Amua kuhusu dawa

Kuna hii hali ya kuona kwamba mwanaume wa kweli anaacha kwa nguvu zake. Shirika la Afya Duniani wanasema ukijaribu kuacha bila msaada wowote, majaribio yanayofanikiwa ni kama 4 tu kwenye 100. Bigijii na plasta za nikotini ziko kwenye orodha yao ya dawa muhimu toka 2009, na mwezi wa 7 mwaka 2024 walitoa mwongozo wa matibabu wa kusaidia watu wazima kuacha tumbaku. Haya ni matibabu kama ya presha, chukua msaada.

Watu wanaogopa, "si ni nikotini tena?" Ndio ni nikotini, inaleta uteja, lakini kansa na ubovu wa mapafu vinaletwa hasa na moshi, lami yake na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Kwenye bigijii hakuna moshi.

Bigijii: ya mg 4 ni kwa mtu anayewasha ndani ya dakika 30 za kuamka, wengine mg 2. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanaitafuna kama bigijii ya dukani, wanameza nikotini, kwikwi zinaanza, tumbo linawaka, wanatupa wanasema haifanyi kazi. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali au kama inawasha, kisha ibane kati ya shavu na fizi. Ukali ukiisha tafuna tena, ibane upande mwingine, fanya hivyo kama nusu saa. Dakika 15 kabla usinywe kahawa, soda wala juisi, maana vinazuia nikotini kuingia vizuri kupitia mdomo. Wiki 6 za mwanzo ni kipande kimoja kila baada ya saa 1 au 2, usizidishe 24 kwa siku, alafu unaachanisha taratibu mpaka wiki ya 12.

Plasta: kwa anayevuta zaidi ya fegi 10 kwa siku, kawaida ni mg 21 wiki 6, kisha mg 14 wiki 2, kisha mg 7 wiki 2. Bandika asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, mkono wa juu, kifua au mgongo, na kila siku sehemu mpya. Ndoto zikiwa kali sana ivue ukienda kulala. Iliyotumika ikunje uitupe mbali na watoto. Plasta na bigijii pamoja zinasaidia kuliko kimoja peke yake, plasta inashikilia siku nzima na bigijii inapambana na hamu ya ghafla.

Kuna vidonge pia, vareniklini na bupropioni, hivi ni vya daktari tu. Mwenye kifafa asitumie bupropioni.

Onyo ambalo wengi hawapewi: moshi wa fegi unafanya ini lisage baadhi ya dawa haraka. Ukiacha, dawa hizo zinapanda kwenye damu hata kama dozi ni ile ile. Unayetumia aminofilini ya pumu, dawa fulani za magonjwa ya akili kama klozapini na olanzapini, au warfarini ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari tarehe yako ya kuacha kabla haijafika. Wa insulini, pima sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

Hela hamna? Endelea na hatua zinazofuata hivyo hivyo na ongeza watu wa kuongea nao. Ukiwa Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure na kuna washauri. Tanzania anza na muuguzi au daktari wa kituo chako cha afya, hata mazungumzo mafupi na mtaalamu yanaongeza nafasi yako.

## Hatua ya 4: Panga siku na umwambie Mangi

Chagua siku ndani ya wiki 2. Usiweke tarehe ya mshahara, usiweke wiki ya harusi. Siku hiyo acha zote kwa mpigo. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2016 uliwapanga watu makundi mawili, waliokata siku moja na waliopunguza kidogo kidogo kwa wiki 2, wote wakisaidiwa, na baada ya wiki 4 waliokuwa bado hawavuti ni 49 kwenye 100 kwa waliokata na 39 kwa waliopunguza. Huku kwetu kupunguza ni kugumu zaidi, maana anayenunua moja moja hana kikomo, anajiambia leo tatu tu, na duka liko palepale hatua kumi. Na usijifariji na "nabaki na moja ya usiku", fegi moja kwa siku ina karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo ya mtu wa fegi 20.

Kwa Waislamu, Ramadhani ni nafasi nzuri sana. Mwili wako tayari unakaa zaidi ya masaa 13 bila fegi, kila siku, mwezi mzima, na watu wa nyumbani wako pamoja na wewe. Kinachoharibu ni ile ya baada ya futari. Ukiweka tarehe yako iwe kumi la mwanzo, kazi yako ni kuyalinda masaa ya usiku tu: bigijii baada ya kufturu, kisha utoke moja kwa moja kwenda tarawehe usikae barazani na wavutaji.

Sasa Mangi. Siku moja kabla nenda, lipa deni lote la kwenye daftari lake, maana deni ndo litakurudisha pale. Alafu mwambie kwa sauti: "Mangi, kuanzia kesho usiniuzie fegi, hata nikibembeleza, hata nikisema ni ya kumtumia mtu." Wengi wanakubali na wengine watakulinda kweli. Kama maduka ni matatu njiani, nenda yote matatu.

Mwisho chukua daftari la hatua ya 1 na kila sehemu uipe badala yake. Fegi ya kibarazani asubuhi: unaamka unaoga kabla ya kutoka nje. Fegi ya baada ya chai: unanyanyuka na mswaki mdomoni. Fegi ya kituoni: unapandia kituo kingine kwa wiki 3, hata kama ni mbali kidogo.

Umefanikiwa kama kila mstari wa daftari una jibu na huna deni dukani.

## Hatua ya 5: Siku 3 za mwanzo

Hapa ndo pagumu, arosto inapanda siku ya 2 na ya 3 alafu inaanza kushuka, ikichukua wiki 2 mpaka 4. Utakuwa na hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, kichwa kizito, kushindwa kutulia na kitu kimoja, na wengine choo kinafunga, hapo kula papai na kunywa maji. Waambie nyumbani mapema: siku hizi tatu nikiwa mkali naombeni mnivumilie, sio nyie.

Hamu yenyewe haikai masaa. Inakuja inapanda inafika juu inashuka, mara nyingi ni dakika chache tu, ukiipa kama 5 imepungua. Kwa hiyo usijiulize "nitaishije bila fegi maisha yote", jiulize nafanya nini dakika 5 hizi. Angalia saa, kunywa maji taratibu, weka karafuu mdomoni, toka ulipo, mpigie yule mtu wako. Ukimaliza hivyo vyote imeshashuka.

Kahawa punguza nusu, chai ya rangi nzito pia. Hili linasahaulika mno. Mvutaji anasaga kafeini haraka kwa sababu ya ule moshi, ukiacha kafeini inabaki mwilini muda mrefu, vikombe vile vile vinne vya kila siku sasa vinapiga kama vimezidi: moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hamna, na unadhani yote ni arosto, unaenda kuwasha.

Umefanikiwa kama umelala usiku wa siku ya tatu bila kuvuta hata pafu moja. Hata kama uligombana na watu, hata kama kazi haikwenda, hesabu umeshinda.

## Hatua ya 6: Kijiwe, pombe na foleni

Ukiniuliza fegi ya kurudi inawashwa wapi, nitakwambia kijiweni au baa, na karibu kila mara ni ya kupewa. Hakuna aliyeinunua, mtu kakunyooshea tu.

Wiki 3 za mwanzo usinywe pombe. Najua ni ngumu kwa mtu ambaye marafiki zake wote wako pale, lakini pombe inalegeza yale maamuzi yote uliyopanga ukiwa na akili timamu, na mkono umezoea bia na fegi pamoja kwa miaka. Ukianza tena, kaa na wasiovuta, ondoka mapema.

Kijiwe usikikimbie milele, utakuwa mpweke na upweke nao unarudisha. Kwa wiki 2 nenda masaa ambayo mvutaji mkubwa hayupo, kaa upande upepo unakotokea, mkono mmoja uwe na kikombe mwingine mswaki. Ukinyooshewa usiseme "najaribu kuacha", hilo linawapa nafasi ya kukubembeleza. Sema "nishaacha" alafu badilisha mada, uliza mechi, uliza kazi. Utasemwa siku mbili tatu, watazoea.

Madereva na bodaboda, foleni na kusubiri abiria ndo fegi zenu. Karanga za kumenya mwenyewe zinasaidia kwa sababu mikono yote miwili inafanya kazi, ila hizo ni za ukiwa umesimama. Kwenye usukani tumia bigijii.

## Hatua ya 7: Wiki ya 3 mpaka mwaka

Mwili unaanza kujirekebisha mapema kuliko unavyodhani. Dakika 20 tu baada ya fegi ya mwisho mapigo na presha vinashuka, ndani ya masaa 12 ile kaboni monoksidi kwenye damu inarudi kawaida, kati ya mwezi 1 na 9 kikohozi na pumzi kukata vinapungua, mwaka 1 hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa kama nusu ya mvutaji.

Wiki za mwanzo unaweza kukohoa zaidi, kifua kinajisafisha. Lakini kikohozi kikifika wiki 2, au kuna damu, jasho la usiku au unakonda, usikisingizie fegi, nenda kapime TB, kwenye vituo vya serikali Tanzania ni bure. Uvutaji unaongeza uwezekano wa kuugua TB mara 2 hadi 2.5, kwa hiyo kwa mvutaji na aliyeacha juzi kipimo hiki sio cha kuahirisha.

Uzito utapanda kwa wengi, wastani ni kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza. Tembea, punguza soda, usirudi kwenye fegi kwa ajili ya hilo.

Hela: tuseme fegi ni 200 na ulikuwa unavuta 10, hiyo ni 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi, 730,000 kwa mwaka. Iweke kila siku, muda ule ule uliokuwa unaenda dukani, uione ikikua.

Na ujue uteja haufutiki kabisa. Umemaliza miezi 8 vizuri, anafariki mtu wa karibu, uko msibani usiku kwenye turubai, wanaume wanavuta, na hamu inakuja kama ya jana. Hiyo haimaanishi umeshindwa, ubongo umekumbuka tu. Misiba, kufukuzwa kazi, kuachwa, safari ndefu: kabla hujaingia humo beba karafuu au bigijii na mwambie mtu mmoja pale, "mimi nimeacha, niangalie."

## Hatua ya 8: Ukiteleza

Pafu moja sio kurudi, lakini lina nguvu, hasa wiki 2 za mwanzo, kwa hiyo fanya haya saa ile ile. Kipisi kizime, usimalizie. Ondoka hapo. Plasta kama unayo iache ilipo, usiivue. Mpigie mtu wako umwambie ukweli. Andika kwenye daftari mstari mmoja kama wa hatua ya 1: saa, mahali, nani, hamu. Siku yako ya kuacha inabaki ile ile, huanzi upya.

Onyo: kuna sauti itakwambia "leo imeshaharibika, vuta tu, utaanza tena Jumatatu." Jumatatu hiyo inageuka mwezi wa 6.

Na kama umesharudi kabisa, fegi zako 10 kama zamani, weka tarehe mpya ndani ya mwezi huo huo. Watu wengi walioacha moja kwa moja walishajaribu mara nyingi kabla. Chukua ule mstari wa siku uliyoteleza, huo ndo unakwambia mpango ulivuja wapi: ilikuwa ni arosto ya asubuhi, ongeza dawa au ongea na daktari kuhusu dozi, ilikuwa ni kijiweni, badilisha saa za kwenda, ilikuwa ni Mangi kakuuzia, rudi ukaongee nae tena, na safari hii nenda na mkeo au mdogo wako awe shahidi.